Mama, Utakuwa Upande Gani wa Maji?

Ujumbe wa mwenye nyumba uliingia Ijumaa baada ya swala, na ulikuwa na adabu zake. Ulianza kwa salamu, ukauliza hali za watoto, kisha ndipo ukatuarifu kwamba kuanzia Januari kodi itapanda kutoka shilingi 22,000 hadi 28,000. Baba watoto aliusoma mara mbili, akanirudishia simu, akaendelea na pilau yake. Mimi ndiye niliyeacha kula.

Tudor, kisiwani Mombasa, tulikaa miaka saba. Vyumba viwili, orofa ya tatu, watoto watatu: kifunguamimba wa gredi ya tano, binti wa gredi ya kwanza, na kitindamimba ambaye kazi yake ni kupanda madirisha. Mimi nauza leso dukani Biashara Street. Mwenzangu ni karani wa ghala huko Miritini. Yaani mmoja riziki yake iko kisiwani na mwingine iko bara, na hilo ndilo lililotuvurugia hesabu zote.

Ukisema tu kwamba unahama mjini, kila mtu ana mji wake wa kuupigia debe. Mashoga zangu wa dukani walisema Mtwapa, kuna kila kitu, hata usiku wa manane utapata duka la dawa. Shemeji yangu akasema Mazeras, kodi ni nusu na kuna hewa. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema, "Mtwapa! Mji usiolala ule, watoto watalala wapi?" Sifa za usiku za Mtwapa hazifichiki, lakini nina binamu anayelea wanne pale na wote wana adabu kuliko wangu. Kilichonitoa Mtwapa ni kingine.

Mtu wa kisiwani akihama, kwanza anachagua maji atakayovuka kila siku. Akienda kaskazini, kama Mtwapa, ni daraja la Nyali. Akienda magharibi, kama Mazeras, ni Makupa. Akienda kusini ni feri ya Likoni. Babangu mpaka leo husimulia daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji kabla ya hili la sasa kufunguliwa 1980, na akilisimulia utadhani magari yote ya Mombasa wakati huo yalikuwa kumi. Sasa nenda Kengeleni, kabla ya daraja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukayahesabu.

Mimi niliyahesabu. Sikutaka kuhama kwa maneno ya watu, kwa hivyo nilimbeba kitindamimba tukaenda kukaa kwa binamu yangu Mtwapa siku tano, nikienda kazini na kurudi kama mkaazi. Ni kilomita 16 hivi mpaka mjini. Jumatatu nilitoka saa kumi na mbili kasorobo, nikateremka Buxton, upande wa mjini, saa moja na dakika tano, nikajiona mjanja. Jumanne nilichelewa kutoka kwa robo saa tu, nikaingia dukani saa mbili na nusu. Pale Kengeleni nilikaa muda wa kutosha kuitazama ile kengele ya Frere Town, ya watumwa waliokombolewa, ambayo nimeipita maisha yangu yote bila kuigeuzia shingo. Alhamisi ikanyesha. Mvua ya Mei unaijua: haikuombi ruhusa. Barabara ilikuwa na ujenzi, magari yakabanana njia moja, maji yakajaa kando, makanga akapandisha nauli tukiwa tumeshakaa. Nilifika kwa binamu saa tatu usiku. Kitindamimba alikuwa amelia mpaka akalala na kiatu kimoja mguuni.

Kile kiatu sijakisahau. Na hapo alikuwa kwa jamaa. Ingekuwa nyumba yetu wenyewe, katika mji ambao hatujui mtu, angekuwa na nani?

Lakini wakati huo sikuwa nimeliona swali lile sawasawa. Bado nilikuwa nikitafuta nyumba kama watu wengine: vyumba, kodi, vigae. Niliwalipa madalali, shilingi 500 kila mmoja ya kutembezwa tu, hata ukionyeshwa choo kisicho na mlango. Jambo moja tu nilikuwa nimewazidi ujanja. Kwenye ncha ya leso yangu nilifunga kipande cha sabuni ya kufulia. Dalali akifungua nyumba, watu hutazama dari na madirisha. Mimi naenda jikoni moja kwa moja, nafungua bomba, nasugua. Povu likija jeupe na zito, mazungumzo yanaendelea. Likija utelezi tu, sabuni ikikatika vipande kama maziwa yaliyoharibika, najua ni kisima cha chumvi: chai itakuwa na ladha ya bahari, sufuria zitaota magamba, nywele za binti zitakuwa kama makumbi, na maji ya kunywa nitanunua kwa madumu kila siku ya Mungu. Dalali mmoja wa Kiembeni aliniuliza, "Mama, umekuja kupanga ama kuoga?"

Acha acheke. Mombasa maji yetu matamu yanatoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba likikauka, na hukauka, unarudi kwenye kisima cha ploti, na kisima cha ploti ndicho kitakachokwambia kama kodi ile ni rahisi kweli. Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mtwapa, ya 17,000, ina baraza na mwembe. Sabuni ikakataa. Nikapiga hesabu ya madumu ya watu watano nikaona ile nafuu yote inaishia kwa mwenye mkokoteni.

Mazeras nitaisema kwa ufupi. Nyumba kubwa, kodi 12,000, jioni kuna upepo wa baridi unaotaka sweta, na baba watoto angefika kazini kabla chai haijapoa tumboni. Mimi je? Ile ni njia ya Nairobi, na bandari ya Kilindini inatoa mizigo ya Uganda mpaka Rwanda. Ukiwa nyuma ya malori ya makontena hakuna makanga wala dua itakayokusaidia. Nilijaribu mara moja tu. Nilirudi nimekasirika na shemeji yangu kana kwamba yeye ndiye aliyeyaleta malori.

Kusini hatukuwa tumefikiria hata kidogo. Mtu wa kisiwani akisikia Likoni anashika kichwa. Na kwetu kulikuwa na sababu zaidi: nilikuwa mtoto mdogo 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, na miaka mingi baadaye mamangu hakupenda neno feri litajwe mezani. Aliyefungua mlango huo ni baba watoto. Siku moja alirudi na pikipiki yake imejaa vumbi jekundu, akasema ametoka Miritini kwa barabara ya Dongo Kundu, amevuka madaraja ya Mwache na Mteza, ametokea Kibundani, na njia nzima hakuona foleni. Zamani mtu wa Kwale akitaka kufika Miritini ilibidi apande feri, akate kisiwa kizima, atokee Makupa. Sasa anazunguka nyuma. "Ng'ombeni ya Kwale iko hapo hapo karibu na njia," akasema. Alikuwa ameshaongea na mtu kuhusu nyumba. Wanaume!

Kwa hivyo yeye feri hamhusu. Wa feri ni mimi.

Wacha nikueleze feri ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, maana wasioipanda huizungumzia sana. Mnakusanyika kwenye banda, mabega kwa mabega, kina mama na beseni za samaki, vijana wa mikokoteni, wanafunzi, watu wa ofisini wameshika viatu vizuri mkononi. Kuna ukimya fulani. Kisha lango linafunguliwa na mteremko wote unaondoka mara moja, mamia ya nyayo kwenye saruji, halafu sauti inabadilika mkifika kwenye chuma. Nilijifunza siku ya pili: usikimbie, na usiwe wa mbele. Shika ubavu wa kushoto, acha mikokoteni ipite, utapata pa kusimama penye upepo. Safari yenyewe si kitu, mkondo ule ni kama nusu kilomita tu. Muda unaliwa na kungoja. Meli kubwa ikiingia Kilindini, feri husimama kuipisha, nanyi mnaitazama inavyopita juu yenu kama jumba la orofa linalotembea. Anayevuka kwa miguu halipi. Kila siku, kwa inavyotajwa, watu zaidi ya 300,000 wanavuka hapo, na kwa macho yangu siwezi kupinga. Ukishuka upande wa pili, matatu mpaka Digo Road, nyayo chache, Biashara Street. Mlango kwa mlango, kwa siku ya kawaida, saa moja na dakika ishirini. Siku mbaya ni zaidi ya saa mbili.

Utaona basi kwamba kwa muda peke yake Ng'ombeni haikuishinda Mtwapa. Mimi pia niliona, nikamwambia baba watoto tusubiri.

Jumamosi tukawapeleka watoto wakaone. Tukiwa juu ya feri, kifunguamimba ameegemea chuma anatazama maji, akaniuliza: "Mama, nikitoka shule, wewe utakuwa upande gani wa maji?"

Nikamjibu upande wa mjini.

"Na baba?"

Miritini.

Akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Kimya chake kilinichoma kuliko swali. Usiku ule nilichukua daftari la dukani nikaandika saa badala ya pesa. Binti wa gredi ya kwanza anatoka saa saba mchana. Kaka yake saa tisa na nusu. Mimi nafunga duka saa kumi na moja na nusu, nafika, tuseme, saa moja usiku. Baba yao saa kumi na mbili na nusu. Kwa hivyo kuna saa tano na nusu ambazo mtoto wa miaka sita anahitaji mtu. Tudor hatukuwahi kuziona saa hizo kwa sababu dada yangu alikuwa akikaa orofa ya chini, na watoto walishuka kwake kama maji. Tulikuwa tunalipa kodi ya nyumba moja tukitumia mbili.

Nikarudi Ng'ombeni siku ya kazi, peke yangu, saa saba mchana. Sikwenda kuangalia nyumba. Nilikaa nje ya lango, kwenye kigogo cha mnazi, nikatazama watoto wanaotoka shule wanapokelewa na nani. Mwenye nyumba ni bi mkubwa wa Kidigo mwenye banda la viazi karai pale pale mlangoni. Kila mtoto aliyepita alimwamkia, na yeye alimjua kila mmoja ni wa nani na amechelewa kwa nini. Mmoja aliyepita bila shikamoo aliitwa akarudishwa. Chuo cha Kurani kiko nyumba ya nne, watoto wanaingia baada ya alasiri na kutoka karibu na magharibi. Nilikula viazi vya shilingi 50 nikiandika yote hayo kichwani. Halafu nikaomba maji ya kunawa, nikafungua ncha ya leso. Povu likaja. Bi mkubwa akanitazama, akasema, "Hayo ya Tiwi, mwanangu. Yakikatika kuna kisima, nacho ni kitamu."

Tulipatana 14,000 za nyumba, na 3,500 kwa mwezi ili binti ale chakula cha mchana kwake na akae machoni pake mpaka chuo. Shuleni hakukuwa na matata makubwa. Nilihakikisha kwanza kwamba wana JSS, yaani sekondari ya chini, hapo hapo, kwa sababu sikutaka kumhamisha kijana mara ya pili akifika gredi ya saba.

Tumemaliza miezi mitano sasa. Kijana aliulilia uwanja wa Tudor wiki tatu nzima, akawa hataki kutoka nje, halafu siku moja nikamsikia anatukanana kwa Kidigo nikajua amefika. Usiku njia yetu ni giza tupu. Kitindamimba alipopata homa saa nane za usiku tulikwenda zahanati watu wanne juu ya pikipiki moja, jambo ambalo sitaki kulikumbuka wala usiniige. Na jamaa wa mjini wamegundua kwamba Ng'ombeni ni ng'ambo: wanaalika, hawaji.

Jumatano iliyopita feri zilizokuwa zikivuka zilikuwa mbili tu, na watu wamejaa mpaka barabarani. Nilipiga simu saa moja usiku nikiwa bado upande wa mjini. Bi mkubwa akapokea, nyuma yake nikasikia karai linachemka na binti yangu anahesabu viazi kwa sauti. "Wamekula," akasema. "Baba yao yuko hapa, naye amekula. Uje polepole." Nikaingia nyumbani saa tatu kasorobo, saa ile ile karibu na ya Mtwapa. Viatu vyote vilikuwa vimepangwa mlangoni.

Dada yangu naye mwezi huu kapata ujumbe kutoka kwa mwenye nyumba, wenye salamu ndefu vile vile. Kesho anakwenda kutembezwa Mikindani na Mtwapa. Nimemkatia nusu ya sabuni yangu.