Siku moja na randa kuukuu Langoni, Lamu

Saa 1 asubuhi. Mezani ipo randa ya Stanley namba 4, chuma cha kusubu, kisu cha inchi 2. Kwanza natafuta ufa, hasa kwenye kona za mdomo, yaani tundu linapotokea kisu. Naigonga kwa mpini wa bisibisi: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa mlio mfu imepasuka. Iliyopasuka mdomoni siihangaikii.

Saa 2. Tone la mafuta ya taa kwenye kila skrubu, nangoja dakika 20. Bisibisi ijae mfereji wote, la sivyo kichwa cha skrubu kitachubuka. Skrubu za mpini zitunze sana. Hesi yake si ya kawaida, na bolti za dukani haziingii.

Saa 3. Kisu na vyuma vidogo viingie kwenye siki nyeupe, saa 3 au 4 basi. Ukivilaza humo usiku kucha, siki itamaliza kutu ianze kula chuma. Mwili siuzamishi, maana rangi nyeusi ya ndani itabanduka. Huo nausugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa.

Baada ya adhuhuri, saa 7, ndipo kazi nyingi huharibika. Chuma kilichotoka kwenye siki, kwa hewa hii ya chumvi, hushika kutu mpya hujamaliza kikombe cha chai. Nakichovya kwenye lita 1 ya maji yenye kijiko cha magadi, nakisuuza, nakifuta, nakianika juani dakika 10, kisha mafuta ya cherehani papo hapo. Maji ya kisima yenye chumvi siyatumii kabisa. Mafuta ya kupikia nayo hunata.

Saa 8, unyayo, yaani upande wa chini unaoteleza juu ya ubao. Msasa namba 80 juu ya kioo kinene, na mistari ya kalamu ya wino kwenye unyayo. Kisu kiwe kimefungwa na kubanwa, ila kimerudishwa ndani, kwa kuwa mkazo wake huvuta mwili kidogo. Ukisawazisha randa tupu, ukija kukibana unyayo unapinda tena. Nikisugua, wino ufutike ncha ya mbele, kisiginoni, na zaidi ya yote ukingoni mwa mdomo. Dimbwi dogo kwingineko halidhuru. Namalizia na 120, halafu 220.

Saa 10, kisu. Mgongo uwe bapa karibu na makali, kisha mteremko wa nyuzi 25, na ukingo mwembamba wa nyuzi 30. Bati linalokaa juu ya kisu nalielekeza kwenye mwanga: nikiuona ukipenya, nalinoa hadi likae, maana maranda yataingia hapo na kuziba mdomo. Nalirudisha nyuma ya makali milimita 1 kwa kazi ya kawaida, nusu milimita kwa mbambakofi ambao nyuzi za mti wake hupindana.

Saa 11 naijaribu kwenye ubao. Maranda yakitoka manene upande mmoja, nasogeza kipini kidogo kilicho nyuma ya kisu, kinachokiinamisha, kidogo kidogo, hadi yatoke sawa upana wote.

Magharibi ikikaribia, nafuta vumbi, napaka mafuta tena, naifunga kitambaani.