Punje kutoka Rustenburg

Nilipokuwa nasoma Johannesburg, msimamizi wangu alinikabidhi kipande cha jiwe kilichong'arishwa, kimegandishwa kwenye gundi ngumu, mgongoni kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: kuperaiti. Kilitoka Rustenburg, kwenye tabaka la Merensky, lile lenye platini lililogunduliwa mwaka 1924. Nikaambiwa nipime upya kemia yake na muundo wa fuwele. Nilidhani ni zoezi la kunizoesha mashine tu.

Kuperaiti ni platini na salfa, PtS, atomi kwa atomi. Kwa uzito, platini ni karibu asilimia 86, salfa 14. Chini ya darubini punje yangu ilikuwa nyeupe ya kijivujivu, imejibanza kando ya madini ya manjano ya shaba na nikeli. Sikuona cha ajabu.

Ajabu ilikuja kwenye probu, mashine inayoipiga punje kwa elektroni kisha ikasoma eksirei zinazotoka, kila elementi na zake. Zamu hiyo nilikuwa na mwenzangu wa Lubumbashi, mkubwa kwangu, ambaye probu aliijua nje ndani. Namba zikatokea: platini 60 na ushee, paladi (metali ndugu ya platini) 18, nikeli karibu 4, salfa 17 na nusu.

"Mdogo wangu, hii haiko kuperaiti."

"Labda mashine imepotoka, kaka."

"Jumla iko ngapi?"

Jumla ilikaribia 100 kabisa. Tukapima platini safi ya kulinganishia, ikatoka sawasawa. Tukasogea upande wa pili wa punje, namba ni zilezile.

Hapo akataja bragaiti. Mwaka 1932, huko London, Bannister na Hey walipitisha eksirei kwenye punje za platini za Transvaal, jimbo la zamani la Afrika Kusini, wakabaini kuwa miongoni mwake kuna madini mengine yanayofanana mno na kuperaiti. Wakayapa jina la akina Bragg, baba na mwana, waliofungua njia ya kusoma fuwele kwa eksirei. Lakini namba za probu pekee hazikutosha kunishawishi. Madini mawili yaliyosokotana kwa udogo kupita upana wa mwale wa elektroni yangeweza kutoa wastani kama ule ule.

Ikabidi tuing'oe. Fundi wa maabara, mzee mtulivu, aliinama juu ya darubini na sindano ya chuma, akabandua kibanzi kisichoonekana kwa macho, akakinasa kwenye ncha ya unyuzi wa kioo. Alitaka kidogo hivyo makusudi: platini humeza eksirei, na kibanzi kinene kingevuruga vipimo vyote.

Fuwele ni kisanduku kimoja kinachojirudia. Cha kuperaiti kina kitako cha angstromu 3.47 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na kimo cha 6.1. Chetu kilitoka kitako 6.4, kimo 6.6, na ndani yake atomi nane za metali badala ya mbili. Bragaiti, bila ubishi.

Kazi yenyewe ndiyo kwanza ilianza, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Kisanduku hicho kina nafasi za aina tatu kwa metali, na metali zinazozigombania ni tatu. Eksirei huhesabu elektroni: platini 78, paladi 46, nikeli 28. Nafasi ikionyesha wastani wa 62 hivi, huenda ni nusu platini nusu paladi, au theluthi mbili platini na iliyobaki nikeli. Eksirei haiwezi kuamua. Tukaifunga hesabu kwa namba za probu, kwamba kisanduku kizima kisizidishe wala kupunguza metali yoyote, na majibu yaliyokuwa yakiyumba yakatulia.

Baadaye tuliomba vipande vingine vya boksi lilelile. Vingi vilikuwa kuperaiti kweli, vichache bragaiti, na punje moja ilikuwa na yote mawili, mpaka wake ukionekana tu ukizungusha meza ya darubini.