Jua Liko Rajasthan, Makaa Yako Jharkhand

Mikutano ya tabianchi ikikaribia, mabishano kuhusu India huanza upya. Wapo wanaoilaumu kwa kuchoma makaa ya mawe kuliko nchi yoyote isipokuwa China, na wapo wanaoitetea kwa picha za paneli za sola zilizotandaa jangwani. Nilisomea uhandisi wa umeme India, na kila nikiwasikiliza naona kambi zote mbili zimewasahau watu wa mikoa ya makaa.

Nianze na sifa, maana inastahili kusemwa wazi. Kuelekea mkataba wa tabianchi wa Paris wa 2015, India iliahidi kwamba ifikapo 2030, asilimia 40 ya uwezo wake wa kufua umeme utatokana na vyanzo visivyochoma makaa, mafuta wala gesi. Ilifika hapo 2021. Mwaka 2022 ikapandisha lengo hadi asilimia 50, nalo likatimia katikati ya 2025, miaka mitano kabla ya wakati. Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, nenda Bhadla, katika jimbo la jangwa la Rajasthan, kwenye bustani ya sola ya megawati 2,245. Ni eneo hilohilo la Phalodi, mji uliorekodi nyuzi joto 51 mwezi Mei 2016. Kwa hiyo wanaodhani Wahindi wanahitaji kufundishwa kwamba joto linaongezeka, hawajawahi kukaa Rajasthan mwezi Mei.

Lakini uwezo wa mitambo ni kitu kimoja, na umeme unaofika nyumbani ni kitu kingine. Sola hulala jua linapozama, saa ileile ambayo familia zinarudi nyumbani na kuwasha feni, viyoyozi na majiko. Betri za kubeba mzigo wa jioni wa nchi nzima bado ni chache, hivyo mitambo ya makaa inabaki kazini. Ndiyo maana, pamoja na mafanikio yote hayo, karibu robo tatu ya umeme unaotumika India bado unatokana na makaa, na uchimbaji umepita tani bilioni moja kwa mwaka.

Je, hiyo ni dhambi? Mimi siwezi kusema hivyo. Mhindi mmoja kwa wastani hutoa kama tani mbili za hewa ukaa kwa mwaka, chini ya nusu ya wastani wa dunia. Kijiji cha mwisho kuunganishwa na umeme, Leisang kule Manipur, kilipata taa Aprili 2018. Kuwaambia watu waliopata taa juzi kwamba wajibane kwa ajili ya moshi uliotolewa na wengine kwa zaidi ya karne ni jambo nisiloweza kulikubali.

Ninachodai ni kingine, na nilianza kukiona Dhanbad, Jharkhand. Huko ndiko kwenye bonde la Jharia, ambako makaa yanawaka chini ya ardhi tangu 1916. Ukipita pembeni mwa mashimo unaona moshi ukitoka kwenye nyufa karibu kabisa na nyumba za watu. Alfajiri barabara hujaa wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makaa, mzigo mzito kiasi kwamba hakuna anayeweza kuipanda baiskeli yake. Lazima aisukume, kilima baada ya kilima, mpaka kwenye vibanda vya chai na majiko ya mjini. Mmoja wao alipumzika nilipokuwa nakunywa chai. Kaka mmoja aliyekuwa akinitafsiria akamweleza kuwa nasomea umeme, hata wa jua. Yule msukuma baiskeli akauliza hizo paneli za sola zinafungwa wapi. Nikamwambia nyingi ziko Rajasthan na Gujarat. Akauliza kwa treni ni siku ngapi, na nauli ni rupia ngapi.

Swali lile ndilo sera yenyewe. Makaa yako mashariki: Jharkhand, Odisha, Chhattisgarh. Jua kali na ardhi tupu viko magharibi. Serikali za majimbo ya mashariki hupata sehemu ya mapato yake kutokana na mrabaha wa makaa, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali. Makaa pia ni karibu nusu ya mizigo yote ya reli, na mapato ya mizigo ndiyo yanayowezesha nauli za abiria kubaki chini. Maana yake, hata treni ambayo ingempeleka yule bwana kwenye ajira mpya inalipiwa na makaa.

Na kazi zinapotea hata kabla ya migodi kufungwa. Coal India, kampuni ya serikali, sasa ina wafanyakazi chini ya nusu ya waliokuwapo mwanzoni mwa karne hii, huku ikichimba makaa mengi zaidi, kwa sababu migodi ya chini ya ardhi inaachwa na mashine kubwa zinachimba migodi ya wazi kama Gevra. Wale wa Coal India angalau walikuwa na kadi za ajira. Msukuma baiskeli hana.

Pesa zipo. Mwaka 2010 India ilianzisha tozo ya rupia 50 kwa kila tani ya makaa kwa ajili ya nishati safi, ikafika rupia 400 mwaka 2016. Mwaka 2017 ikageuzwa kufidia majimbo yaliyopoteza mapato ya kodi. Naliona hilo kuwa kosa kubwa. Lakini tangu 2015 sheria pia inazitaka kampuni za madini kuchangia mfuko wa kila wilaya yenye migodi, kwa ajili ya watu walioathiriwa na uchimbaji. Wilaya ya Dhanbad ina mfuko huo. Ningependa uanze kwa kuwaandikisha wasukuma baiskeli, jina kwa jina, pamoja na wake zao wanaookota makaa pembeni mwa mashimo, kisha uwalipe wakati wanajifunza kazi nyingine palepale Dhanbad: kufunga sola juu ya mapaa ya mji wao, kuzima mioto ya Jharia, kufukia mashimo yaliyoachwa.