Moshi mweupe asubuhi, moshi mweusi mlimani: Canter yangu ilivyonitesa

Gari ilianza kunisumbua mwezi wa sita, na watu wa Mbeya mnaijua baridi ya mwezi wa sita. Ukipiga stata alfajiri inawaka kwa shida, inatetemeka, afu uwanja mzima unajaa moshi mweupe unaowasha macho, majirani wakisikia tu nafungua mlango wa gari wanafunga madirisha. Ikishapata moto moshi unakata. Ila nikitoka Kyela na magunia ya mchele, nikishaipita Tukuyu kuanza kupanda kuelekea Isyonje, inageuka inatoa moshi mweusi tii, wa nyuma yangu wanashindwa hata kuona barabara.

Nikaipeleka gereji. Fundi hakuuliza moshi una rangi gani wala unatoka saa ngapi, akasema ringi (vile vyuma vya duara vinavyoziba pistoni) zimeisha, tufungue injini, andaa milioni mbili na nusu. Siku tatu sikulala vizuri, maana hiyo Canter ndo inasomesha watoto.

Shemeji yangu akanielekeza kwa mzee mmoja Uyole. Yeye hakugusa spana kwanza, aliuliza. Oili unaongeza mara kwa mara? Siongezi. Maji ya rejeta yanapungua? Hapana. Moshi wa bluu umewahi kuuona? Sijawahi. Akaniambia washa, akafungua kifuniko cha oili, pale juu palikuwa panapumua kidogo sana. "Kijana wangu, ringi zingekuwa zimeisha hapa pangekuwa panafuka kama chungu cha maharage, na oili ungekuwa unainunua kila wiki." Akanielewesha kwamba oili ikipenya ikaungua pamoja na dizeli moshi unakuwa wa bluu, sasa kama bluu hamna na oili haipungui, kwanini mtu akimbilie ringi?

Nikalaza gari kwake ili asubuhi aikute ya baridi. Moshi mweupe unaweza kuwa mvuke wa maji yanayopenya gasketi ya silinda hedi ikiwa imeungua, au dizeli iliyotoka bila kuungua. Akashika kipande cha boksi mbele ya egzosi, kikalowa mafuta na kinanuka dizeli kabisa, kwahiyo gasketi tukaiacha. Afu injini ikiwa inaunguruma taratibu akawa analegeza nati za paipu za nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, moja baada ya nyingine. Ya kwanza injini ikayumba, ya pili ikayumba, ya tatu mlio haukubadilika sana ila moshi ukapungua pale pale! Akaikaza, akaenda ya nne, ikayumba. Ubaya ulikuwa namba tatu. (Kama gari yako ni komoni reli, ule mfumo mpya wa dizeli wenye presha kubwa sana, usithubutu kulegeza hizo paipu injini ikiwaka, presha yake inapasua ngozi, na hata kwenye hizi za zamani mkono usiuweke mbele ya dizeli inayoruka.)

Nozo zikapelekwa kupimwa kwenye mashine na mimi nikaenda kushuhudia. Tatu zilikuwa zinapuliza ukungu mzuri, ile namba tatu inadondosha matone kama bomba bovu. Matone kwenye injini ya baridi hayaungui yote, ndo ule moshi wa alfajiri. Nikabadilisha ncha za nozo zote nne na washa mpya za kopa zinazoziba chini ya nozo, sikutaka kurudi tena.

Mweusi sasa. Hapa mzee aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria, kwanini Kyela haitoi? Kyela iko chini karibu na ziwa, mita kama 500 tu toka usawa wa bahari, Isyonje unavuka mita 2,000. Hata hapa Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano. Injini yangu haina tabo ya kusukumia hewa, inavuta hewa inayoikuta, lakini pampu inamwaga dizeli ile ile, na dizeli ikikosa hewa inakuwa masizi. Tena eakilina, chujio la hewa, ilikuwa imejaa vumbi la Chunya mpaka taa haipenyi, na sili ya skrubu ya pampu, ile inayopima dizeli, ilikuwa imekatwa. Mwenye gari wa kwanza, kule Dar, aliifungua iongeze nguvu. Kule hewa ipo ya kutosha, huku kwetu ni kuchoma hela tu.

Tukaweka eakilina mpya, pampu ikarudishwa kwenye mashine wakapunguza dizeli na kuifunga sili upya. Nguvu imepungua kidogo nikiwa Kyela, siwezi kudanganya, ila mlima napanda na gia ile ile na mafuta yanabaki.

Wiki iliyopita nilipanda na gunia 40, nikamwambia utingo akae nyuma aangalie egzosi. Tulipofika Isyonje akashuka akaniambia, "Bosi, ni pale tu ukibadilisha gia, kidogo, afu unakata."