Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine, Tafuta Kinachoichelewesha Hiyo Uliyonayo

Shangazi yangu aliniletea kompyuta mpakato yake akiwa ameshaikatia tamaa. Aliiweka mezani akaniambia, "Mwanangu, hii imekwisha, nichagulie nyingine." Malalamiko yake yalikuwa matatu: ilichukua karibu dakika sita tangu kuwashwa hadi kufungua kivinjari, intaneti ilisuasua kila alipokuwa chumbani kwake, na kila siku alikutana na ujumbe uliomwarifu kwamba Windows 10 aliyoizoea haipokei tena masasisho ya usalama na kwamba kompyuta yake haikidhi masharti ya Windows 11. Nilimwomba aniachie kwa siku mbili kabla hatujazungumzia kununua chochote, kwa sababu sijawahi kukutana na kompyuta iliyochakaa yote kwa wakati mmoja. Karibu kila mara kipo kipande kimoja kinachovuta miguu, na vilivyobaki, vikiwa vizima kabisa, vinakisubiri.

Nilianza kwa kunakili picha na nyaraka zake zote kwenye diski ya nje, na hilo nalisisitiza kwa moyo wote: usipime wala usirekebishe kompyuta ambayo vitu vyake havina nakala mahali pengine. Diski iliyo mgonjwa inaweza kuzimika katikati ya kipimo, na picha za miaka kumi zikienda nayo hakuna fundi wa kukuhakikishia kuwa atazirudisha.

Baada ya hapo nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha linaloonyesha kila sehemu ya kompyuta inatumika kwa kiasi gani. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haikuwa imefika hata asilimia 15, kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ilikuwa imejaa kwa kiasi kikubwa, lakini safu ya diski ilisimama kwenye asilimia 100 na haikushuka kwa dakika kadhaa. Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Diski yenyewe ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kidogo kinachosafiri juu yake kutafuta data. Kila safari ya kichwa hicho, pamoja na kusubiri sahani ifike mahali pake, huchukua zaidi ya milisekunde kumi, kwa hiyo diski ya namna hiyo haiwezi kutekeleza maombi mengi zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde iwapo data imetawanyika huku na kule. Kompyuta inapowaka husoma maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika namna hiyo, na ndiyo maana mtu hukaa akiitazama.

Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu, hazina kitu kinachozunguka, na hata zile za kawaida zinazotumia kiunganishi cha SATA hujibu makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Watangazaji hupenda kutaja kasi ya kusoma faili moja kubwa, ambayo kwa SATA hufika takriban megabaiti 550 kwa sekunde na kwa zile za NVMe, aina mpya zaidi inayotumia njia ya kasi zaidi, huzidi hapo mara kadhaa. Kwa mtu anayeandika barua, kusoma barua pepe na kutazama video, tofauti kati ya aina hizo mbili za SSD ni ndogo sana ukiilinganisha na tofauti kati ya diski ya sahani na SSD yoyote ile. Tahadhari moja tu: ile nafasi nyembamba ya M.2 ndani ya kompyuta nyingine hupokea SSD za SATA peke yake, na nyingine hupokea za NVMe peke yake, hata kama kadi inaingia vizuri, kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji kabla hujaagiza.

Niliitazama pia ripoti ambayo kila diski hujiandikia kuhusu afya yake, inayoitwa SMART. Ilionyesha sekta kadhaa, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokuwa zimeshahamishwa kwa sababu zilikuwa mbovu, na nyingine zikisubiri kuhukumiwa. Tarakimu hizo zikianza kupanda, diski hiyo isiaminiwe tena hata kwa kuhifadhia nakala, kwa hiyo niliiondoa na kuweka SSD mahali pake.

Kuhusu RAM sina mengi. Kulikuwa na kadi moja ya gigabaiti 4 na nafasi moja tupu pembeni yake, nikaongeza nyingine ya ukubwa huo huo na ya aina ile ile. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, zina pengo lililokatwa mahali tofauti, na kadi inayokataa kuingia isilazimishwe.

Malalamiko ya pili yalinipeleka nyumbani kwake. Ruta ilikuwa sakafuni, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la mlango wa chuma. Kabla ya kuigusa niliunganisha kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta na kupima kasi, kwani kipimo hicho ndicho kinachotenganisha tatizo la mtoa huduma na tatizo la nyumbani. Kasi ikiwa nzuri kwenye kebo na mbaya hewani, kumpigia simu mtoa huduma hakutasaidia. Kwenye kebo kasi ilikuwa sawasawa na ile aliyoahidiwa. Alikuwa akidhani anapunjwa kwa sababu mkataba ulitaja megabiti 40 kwa sekunde naye akaona faili likishuka kwa megabaiti 5, lakini baiti moja ni biti 8, na 40 ukigawa kwa 8 unapata 5. Niliwahi kuona watu wazima wakigombana na watoa huduma kwa ajili ya herufi hiyo moja, b ndogo ya biti na B kubwa ya baiti, na ninaamini mikataba ingepaswa kuandikwa kwa lugha ya wazi zaidi.

Ruta tuliitoa kabatini na kuiweka juu ya rafu katikati ya nyumba, na hilo peke yake lilitosha kufikisha mawimbi chumbani. Nilibadilisha pia njia ya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa kuwa majirani wote walikuwa wamerundikana kwenye namba 6, ilhali katika masafa hayo njia zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kasi kubwa zaidi ila hayapenyi kuta vizuri, kwa hiyo nilimwachia yote mawili. Nikiwa kwenye mipangilio ya ruta nilizima WPS, njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri la Wi-Fi, ambayo namba yake ya siri ya tarakimu nane imejulikana tangu mwaka 2011 kuwa inakisiwa kwa urahisi, na nikahakikisha usimbaji, yaani ulinzi unaoficha mawasiliano ya Wi-Fi, ni WPA2 au WPA3.

Lakini kilichomtia shangazi hofu kuliko vyote ni leseni. Alikuwa ameambiwa kwamba diski ikibadilishwa, Windows aliyonunua pamoja na kompyuta inapotea na itabidi ainunue upya. Hofu hii nimeisikia mara nyingi, na inawafanya watu watupe kompyuta nzima. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu iliyo kwenye ubao huo, kwa hiyo unaweza kubadilisha diski, ukaongeza RAM, ukasakinisha upya toleo lile lile, na mfumo ukajitambua wenyewe mara tu unapounganishwa na intaneti. Leseni hiyo hupotea pale ubao mama unapobadilishwa, na hairuhusiwi kuhamishiwa kompyuta nyingine. Leseni inayonunuliwa peke yake, kwa rejareja, ina haki tofauti: unaweza kuihamisha, mradi uiondoe kwanza kwenye kompyuta ya zamani.

Nalisema hili kwa sababu niliwahi kulipia ujinga wangu. Nilinunua ufunguo wa bei ya chini mno kutoka kwa muuzaji mmoja mtandaoni, ukafanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha siku moja mfumo ukaniambia kwamba haujasajiliwa. Ufunguo ulikuwa wa leseni za jumla zinazotolewa kwa taasisi, ukagawanywa kwa watu wasiohusika. Muuzaji hakujibu tena ujumbe wangu. Bei ya leseni ikiwa ni sehemu ndogo sana ya bei halisi, unachonunua si leseni.

Sasa kuhusu ule ujumbe wa kila siku. Ni kweli kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai, pamoja na mambo mengine, prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft na kitunza siri cha TPM 2.0. Prosesa ya shangazi, Intel ya kizazi cha nane, ilikuwa kwenye orodha hiyo. Kilichokosekana ni TPM, na nilipoingia kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta (BIOS), inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, niliikuta imo, kwa jina la PTT linalotumiwa na Intel, ila imezimwa tangu kiwandani. Kwenye kompyuta zenye prosesa za AMD huitwa fTPM. Niliiwasha, nikahifadhi, na ukaguzi wa Windows 11 ukapita. Leseni yake ya Home, yaani ya toleo la matumizi ya nyumbani, ilikubaliwa na toleo la Home la Windows 11 bila malipo yoyote.

Kompyuta yangu mwenyewe ni ya zamani kuliko hiyo, na prosesa yake haimo kwenye orodha. Zipo njia za kuzunguka ukaguzi, lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa kompyuta zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma, na masasisho ndiyo sababu yenyewe ya kuhama, kwa hiyo nilisakinisha Linux, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows. Niliijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili kuhakikisha kwamba Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako, nyumbani na kazini sawia. Programu nyingi zinazoitwa za bure haziko hivyo. Baadhi ni za bure kwa matumizi ya nyumbani tu, na mtu anayeendesha biashara yake sebuleni anapaswa kuyasoma masharti hayo kabla ya kubofya kitufe cha kukubali.

Kompyuta ya shangazi sasa huwaka kwa sekunde zisizofika ishirini. Diski yake ya zamani sikuitupa kama ilivyokuwa: niliandika sufuri juu ya sekta zote, kazi iliyochukua saa kadhaa, kisha nikaitoboa sahani kwa keekee, kwa sababu sekta mbovu hazifutiki kwa programu na ndani yake kulikuwa na vyeti na taarifa zake za benki.