Steringi anapokufa na jina lake likafutwa

Kitabu kile kaka yangu alikinunua pembezoni mwa Barabara ya Samora, kwa mmoja wa wauzaji wa vitabu vya mitumba waliokuwa wakipanga bidhaa zao chini, juu ya turubai. Hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika. Wakati huo tulikuwa tunaishi Magomeni, katika chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji wengi, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alinisomea kwa mwanga wa mshumaa, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo kama walivyokuwa wakifanya watafsiri wa filamu katika vibanda vya video. Ukurasa ambao haujanitoka akilini ulionyesha ukuta mweupe ukisogea juu ya mji mkubwa, na mahali ulipopita mchoraji hakuchora chochote, akaacha karatasi tupu. Kwenye kona ya chini unyevu wa pwani ulikuwa umeacha doa la rangi ya chai, na mimi nikadhani doa hilo ni sehemu ya hadithi.

Nilimuuliza weupe ule ni kitu gani. Akanijibu, “Si kitu, mdogo wangu, na ndiyo maana unatisha. Ukikupitia hufi tu. Unakuwa hujawahi kuwapo.”

Kitabu chenyewe kilikuwa toleo la kwanza la Crisis on Infinite Earths, hadithi ya katuni ya kampuni ya DC ya Marekani iliyotoka katika matoleo 12 kati ya mwaka 1985 na 1986, ikiandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez. Nimeisoma nzima mara nyingi tangu hapo, nimesoma pia hadithi nyingine nyingi za mashujaa wa anga wanaokusanywa na tishio wasilolijua, na bado naona kwamba kaka yangu, aliyekuwa hajafika hata nusu yake, alikuwa ameshaligusa jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za namna hii hulikosa. Kifo hakitoshi kuwakusanya watu wenye uwezo wa kusukuma sayari. Kinachoweza kuwakusanya ni kufutwa.

Aliyekulia katika vibanda vya video vya Dar es Salaam anaijua sheria kuu ya filamu, kwamba steringi hafi. Atapigwa, ataning’inizwa, atatumbukizwa mtoni akiwa amefungwa kamba, na watoto waliokaa kwenye mabenchi watatulia kwa sababu wanajua atarudi. Hadithi hii iliivunja sheria hiyo mara mbili mfululizo. Katika toleo la saba Supergirl anakufa akimwokoa binamu yake, Superman, na jalada linamwonyesha Superman akiubeba mwili wa Supergirl huku akilia. Katika toleo la nane Barry Allen, yule Flash mwenye mbio, anauzunguka mtambo uliokuwa ukielekezwa kuimaliza dunia, anazidisha kasi hadi mtambo unasambaratika na mwili wake mwenyewe unayeyuka, na mwisho yanabaki mavazi matupu sakafuni. Msomaji makini hapo anarudi nyuma kwa uchungu, kwa maana katika matoleo ya mwanzo alikwisha kumwona Flash akimtokea Batman kama kivuli kinachooza, akijaribu kusema neno lisilosikika vizuri. Alikuwa ameshakufa, naye alikuwa akipita katika wakati kuja kuonya.

Jambo lililoniumiza zaidi, hata hivyo, ni lile lililofuata baada ya ushindi. Dunia nyingi zilizokuwapo ziliunganishwa zikawa moja yenye historia moja mpya, na katika historia hiyo Superman ndiye pekee aliyesalimika kutoka sayari ya Krypton. Maana yake ni kwamba binamu yake hakuwahi kuja. Mwanamke aliyelala mikononi mwake akiwa maiti hakuwa na kaburi, wala hakuwa na mtu wa kumlilia.

Sababu ya yote hayo ilitoka nje ya hadithi. Mwaka 1961 mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino walimkutanisha Flash mpya na Flash wa zamani kwa kueleza kwamba kila mmoja anaishi katika dunia yake, na dunia hizo zinapishana bila kuonana. Wazo hilo liliwapendeza wasomaji, dunia zikaongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka wakubwa wa kampuni wakaona kwamba msomaji mgeni hajui aanzie wapi. Wakaamua kusafisha. Ukuta mweupe nilioutazama Magomeni ulikuwa, kwa kweli kabisa, kifutio cha mhariri, na nadhani ndiyo maana hadithi ile ina uzito ambao haupatikani pale adui anapobuniwa ili awe na nguvu kupita wa mwaka jana. Mwandishi alijua kwamba vinavyofutwa havitarudi kesho, au alidhani hivyo, na mkono wake ulitetemeka.

Kiswahili chetu kina neno zuri kwa habari hizi. Tunaposema malimwengu hatuna maana ya dunia nyingi zinazoelea angani, tunamaanisha mambo ya dunia hii, mizunguko yake na vituko vyake. Kila ninapojaribu kuandika kuhusu dunia zinazopishana, neno hilo hunirudisha kwenye mambo ya watu.

John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, alipoandika mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachagua maneno mawili ya Kiswahili kuelezea wakati, yaani Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, aliyefariki huendelea kuwa karibu na walio hai, yu katika Sasa, kwa muda wote ambao wapo wanaomkumbuka kwa jina, na anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua ndipo anapozama kabisa katika Zamani. Nilipoisoma fikra hiyo nilikumbuka mshumaa na doa la chai. Adui wa hadithi za mashujaa wa anga, akiandikwa sawasawa, hawatoi watu uhai tu. Anawanyang’anya nafasi yao katika Sasa, tena kwa mkupuo, dunia nzima pamoja na wote ambao wangeweza kuwakumbuka.

Kwa kipimo hicho naiona tofauti na ile filamu ya mwaka 2018, Avengers: Infinity War, ambamo adui aitwaye Thanos anapiga kidole na nusu ya viumbe hai wanageuka vumbi. Niliitazama Mlimani City, na vijana waliokaa mbele yangu walibaki vitini kimya huku majina ya waigizaji yakipita. Ni msiba mkubwa, sikatai. Lakini katika filamu iliyofuata, mwaka 2019, kuna nguzo za mawe zilizochongwa majina ya waliopotea, na baba mmoja anakimbia kati ya nguzo hizo akitafuta jina la binti yake. Palipo na jiwe lenye majina pana matanga, na palipo na matanga watu bado wanashikana mikono. Uhalisia haujatikisika pale, umepunguzwa tu.

Wapo watakaosema kwamba ukuta unaofuta kila kitu ni ndoto ya wachora katuni. Wanafizikia hawasemi hivyo. Sidney Coleman na Frank De Luccia waliandika mwaka 1980 kuhusu uwezekano kwamba ombwe la ulimwengu wetu, ile hali ya nishati ya chini kabisa ambamo anga hutulia, si ya chini kabisa kwa kweli, na kwamba mahali popote panaweza kuzuka kiputo cha hali iliyo chini zaidi, kikatanuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga na kubadilisha sheria zenyewe zinazoshikilia maada. Chembe ya Higgs ilipogunduliwa mwaka 2012 katika maabara za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, vipimo vya uzito wake, vikisomwa pamoja na vya chembe nyingine, vililipa swali hilo uzito mpya, ingawa hesabu hizohizo zinaonyesha kwamba muda wa kungoja ni mrefu kupita kiasi ukilinganishwa na umri wa ulimwengu, ambao ni kama miaka bilioni 13.8. Msomaji asikose usingizi. Ninachotaka aone ni kwamba kiputo cha namna hiyo hakiwezi kuonekana kikija, kwa kuwa mwanga wa kutuonya na kiputo chenyewe vingefika takriban pamoja. Kingeanzia kwenye Jua, tungeliona Jua likiwaka salama kwa dakika nane, kisha tusingekuwapo.

Ukuta wa Pérez unakwenda polepole. Unakuja kama bamvua linavyopanda ufukweni, na watu wanauona. Huo mwendo wa polepole ndio unaozaa hadithi, kwa sababu unaacha nafasi ya kuitana. Katika toleo lile la kwanza watawala wa dunia moja inayofutwa ni waovu, majambazi wenye nguvu za ajabu walioikandamiza dunia yao miaka yote, na wao ndio wanaokimbilia kuuzuia ukuta, mpaka mkubwa wao anaruka na kujitupa ndani yake. Kaka yangu aliposoma hapo alinyamaza kidogo. Mimi nilitaka kujua kama amefanikiwa. Upande mwingine wa mji, mtu mwema wa pekee wa dunia hiyo anamweka mtoto wake mchanga katika chombo na kumrusha kwenda dunia nyingine.

Ndipo mjumbe anapotumwa. Jina lake ni Harbinger, na kazi yake ni kujigawa katika miili mingi na kwenda katika dunia na zama mbalimbali kuwachukua watu wasiofahamiana, baadhi yao maadui, na kuwaleta mahali pamoja. Tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwa mtu wa Dar es Salaam picha hii haihitaji maelezo, kwani ameshaona turubai likifungwa mtaani, viti vya plastiki vikishushwa kutoka kwenye gari, na majirani waliokuwa hawasalimiani miezi sita wakikaa benchi moja kwa sababu mjumbe wa nyumba kumi amepita akigonga milango. Anayekuja haulizwi ana nguvu gani. Anaulizwa atashika nini. Waandishi wa mashujaa wa anga wanapoharakisha sehemu hii ya kuitana ili wafike kwenye mapigano, huwa wanaitupa nyama na kubaki na mfupa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani zaidi. Mwaka 1966, katika matoleo ya 48 hadi 50 ya Fantastic Four, Stan Lee na Jack Kirby walimleta Galactus, anayekula sayari, pamoja na mtangulizi wake anayepanda ubao wa fedha angani, ambaye Kirby alimchora bila kumshauri mwenzake. Mtangulizi huyo anaangushwa, na anatua juu ya paa la Alicia Masters, mchongaji wa sanamu asiyeona. Alicia hana nguvu yoyote ya ajabu. Anamhudumia, anamkaribisha chakula, anaongea naye kuhusu binadamu ambao bwana wake anakaribia kuwamaliza, na yule aliyekuwa ametafutia sayari nyingi kifo anageuka kumpinga bwana wake. Sisi tunaofundishwa tangu utotoni kwamba mgeni akikukuta unakula humalizi sahani bila kumwambia karibu, tunaweza kuielewa picha hiyo mpaka ndani, na sijui kwa nini hatujaandika nyingi za namna hiyo.

Kwa hiyo nimeanza kuandika yangu. Mchoraji ninayeshirikiana naye ameshamaliza kurasa nne kwa penseli. Mashujaa wa anga watakuja baadaye, kutoka mbali sana, na wataitwa mmoja mmoja kwa majina yao na ya baba zao. Ukurasa wa kwanza hauna hata mmoja wao. Ni alfajiri Kunduchi, wavuvi wanasukuma ngalawa majini, na mbele yao, mahali ambapo Mbudya imekuwapo siku zote, pana bahari tupu mpaka upeo wa macho. Hakuna anayeshangaa. Hakuna anayekumbuka kwamba kiliwahi kuwapo kisiwa, wala ramani iliyobandikwa ukutani mwa banda la samaki haina alama yake. Katika mchoro wa mwisho wa ukurasa huo nahodha mmoja mzee, akiongea na kijana wake kuhusu bei ya dagaa, anafika karibu na maji yale, na bila kukatisha mazungumzo mkono wake unausukuma usukani taratibu, ngalawa inapinda, inazunguka kwa upana mahali pasipo na kitu, kisha inarudi kwenye njia yake. Kijana anamtazama na kumuuliza, “Baba, mbona umezunguka?”