Jicho Jeupe

Jana jioni tulikuwa barazani, ndege ikapita juu yetu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwa nini mjomba akitazama juu anainua kichwa kizima?" Mjomba mwenyewe alikuwepo. Akacheka, akamwambia, "Muulize mama yako." Miaka yote hii bado habari hii ananiachia mimi.

Ilikuwa 2003, naye ana miaka 11. Mpira wa mtaani, kiwiko cha mwenzake kikampata chini ya jicho la kushoto. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Nikalitazama lile jicho: jeupe, safi, damu hakuna. Usiku akaanza kutapika. Akifumbua macho anatapika, akifumba anatulia. Zahanati tuliyokwenda walimpima malaria, hawakuiona, wakasema kichwa kimetikisika, apumzike. Tukampumzisha siku mbili. Mama anasoma dua, mimi namkanda shavu kwa maji ya uvuguvugu.

Siku ya tatu tukafika hospitali kubwa. Daktari alikuwa mama mtu mzima, asiye na haraka. Aliinua kidole cha shahada mbele ya uso wa mdogo wangu. "Baba, kichwa kitulie. Fuata kidole kwa macho tu." Kidole kikaenda kulia, macho yote mawili yakaenda. Kikaenda kushoto, yakaenda. Kisha kikaanza kupanda, polepole. Jicho la kulia likapanda nacho mpaka weupe ukaonekana chini yake. La kushoto likabaki palepale, limekazia vifungo vya koti la daktari. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikayaona macho ya ndugu yangu yameachana.

"Unaona vidole vingapi?"

"Viwili."

Jasho likamtoka, midomo ikapauka. Daktari akashusha kidole upesi, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Yalikuwa yameshuka.

Alituchorea nyuma ya kadi ya kliniki. Tundu la jicho limejengwa kwa mifupa 7, na sakafu yake ni nyembamba mno; chini yake kuna uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa taya la juu. Jicho lenyewe huendeshwa na misuli 6, minne iliyonyooka na miwili ya mshazari. Mtu mzima akipigwa, sakafu ile huvunjika vipandevipande. Ya mtoto hupinda kama kijiti kibichi: inafunguka, inarudi mahali pake, na ikirudi inaweza kuubana msuli wa chini. "Kama mlango uliobana ncha ya khanga," alisema. "Mwenye khanga atakwenda wapi?" Jicho likijaribu kupanda, msuli unavutwa, na neva hupeleka habari hiyo mpaka moyoni na tumboni. Ndiyo maana ya kutapika. Kichwa hakikuwa na kosa.

Alipasuliwa siku ileile. Kuona viwiliviwili kukapungua miezi kwa miezi, ila kukabaki akitazama juu kabisa. Kwa hiyo anainua kichwa.

Mimi nilikuwa nimeangalia rangi. Nilidhani jicho lililoumia lazima liwe jekundu, livimbe, litoe machozi. Kumwambia tu "hebu tazama dari" hakukunijia, wala pale zahanati hakuna aliyemwambia. Nilimuuliza daktari kama zile siku mbili ndizo zilizotuponza. Akasema msuli uliobanwa hukosa damu, hauvumilii kungoja. Akaishia hapo, nami sikumwuliza zaidi. Kuna siku najiambia hata tungewahi huenda yangekuwa yaleyale, na kuna siku siwezi kujiambia hivyo.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kidole chake mbele ya uso wa mjomba, akaanza kukipandisha. Ndugu yangu hakuinua kichwa. Alimwachia atazame.